Nimeiona figo yangu mwenyewe chini ya hadubini: uzi wa makovu, vichocheo vya ukuaji na mwili unaokataa figo

Mkata_Mikroni3 (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite kushoto.

Kazi yangu ni maabara, nakata nyama. Siyo ya buchani. Ni vipande vya viungo vya watu, vimezamishwa kwenye nta, navipitisha kwenye mashine yenye wembe unaokata unene wa mikroni 3, kisha navipaka rangi ili daktari wa patholojia avisome. Miaka sita iliyopita nilimpa kaka yangu figo ya kushoto. Mwezi uliopita kreatinini yake, ile taka ya kwenye damu ambayo ikipanda ina maana figo haichuji vizuri, ilipanda, wakamchukua biopsi, yaani kipande kidogo cha figo kwa sindano, na biopsi ikaletwa kwetu. Bosi alitaka kumpa mwenzangu aikate. Nikamwambia hapana, ile ni yangu.

Biopsi ya figo ukiiona kwa macho utaidharau. Nyuzi mbili za nyama, nyembamba kama tambi, urefu sentimita moja na ushee. Nilizikata, nikazipaka ile rangi ya trikromu, inayofanya kolajeni iwe bluu na seli ziwe nyekundu, nikaweka slaidi kwenye hadubini. Figo yenye afya karibu yote ni nyekundu. Mirija imebanana bega kwa bega kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni, na bluu ni kauzi kembamba tu kanakopita katikati yao. Hii ya kwangu ilikuwa na viraka. Sehemu nyingine imebanana vizuri kabisa, nikafurahi. Nikasogeza slaidi kidogo, nikakutana na bluu imetanda, mirija imesinyaa ndani yake kama kunde zilizosahaulika juani. Vichujio nilihesabu kumi na moja, viwili vimeshakuwa vibonge vigumu.

Ripoti ikatoka: makovu na kusinyaa kwa mirija, karibu asilimia 20, daraja la kwanza, yaani lile hafifu. Uvimbe kidogo. Jioni kaka akapiga simu. "Mdogo wangu, nisamehe. Ina maana nimeikataa figo yako?"

Nilikosa la kumjibu. Nimesoma wiki tatu, na nilichokipata ndicho hiki.

Tuanze na kukataa kwenyewe. Seli T za kinga zikipita kwenye figo ya mtu mwingine zinasoma vitambulisho vyake, vile vinavyoitwa HLA, na kujua huyu si wa hapa. Lakini seli moja haiui figo. Lazima izaliane iwe jeshi, na haizaliani bila amri. Amri hiyo ni protini iitwayo IL-2. Ilipogunduliwa mwaka 1976, kwenye maabara ya Robert Gallo kule Marekani, ilipewa jina ambalo mimi naliona lilikuwa bora kuliko hili la sasa: kichocheo cha ukuaji wa seli T. Seli inaandika barua, inajitumia yenyewe, inaisoma, inagawanyika. Dawa nyingi za kutuliza kinga wanazopewa watu kama kaka zinapigana kwenye hiyo barua. Takrolimasi na saiklosporini zinazuia isiandikwe. Basiliksimabu, ile dripu ya siku ya upasuaji na siku ya nne, inaziba sanduku la posta. Sirolimasi inaiacha seli isome, ila miguu haiendi.

Kwa hiyo kichocheo cha ukuaji kipo kwenye tukio kabla kovu halijafikiriwa.

Sasa makovu. Figo ikishashambuliwa, iwe ni na seli T, na kingamwili, na dawa zenyewe, au na yale masaa iliyokaa kwenye barafu ikisubiri kushonwa, inaita mafundi. Msimamizi wa mafundi anaitwa TGF-beta, naye ni kichocheo cha ukuaji. Huyu anatengenezwa na seli nyingi, za kinga na za mirija yenyewe, na ajabu yake ni kwamba anawekwa akiba akiwa amefungwa pingu, amelala pembeni kwenye nyavu za nje ya seli. Kukitokea jeraha pingu zinakatwa. Akiamka anazigeuza seli za kawaida zilizoko katikati ya mirija kuwa mafundi wa lipu: zinaota misuli, zinavuta, zinamwaga kolajeni. Anaye na kaimu wake, CTGF, anayeendeleza kazi ya kupiga lipu.

Lipu ya kwanza ni ya lazima, bila hiyo jeraha halifungi. Shida ni kwamba kwenye figo ya kupandikizwa jeraha halikomi. Kinga inapiga leo kidogo, kesho kidogo, na fundi wa kulipwa kwa siku unamjua, hawezi kukwambia kazi imekwisha. Anapiga lipu ukutani, anahamia mlangoni, anamalizia na madirisha.

Kwenye mishipa ya damu kuna msimamizi mwingine, PDGF, naye kichocheo cha ukuaji. Anatoka kwenye chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na kwenye kuta za mishipa. Huyu anaita misuli ya ukuta wa mshipa izaliane na kuhamia upande wa ndani. Nimewahi kukata figo ya mgonjwa mwingine iliyotolewa baada ya kufa kabisa, nikaona mshipa umejaa matabaka kwa matabaka kama bomba la maji ya chumvi, katikati imebaki tundu ya kupitisha sindano. Damu ingepita wapi hapo?

Na hapa ndipo nilipochoka. Saiklosporini, dawa iliyookoa figo nyingi tangu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1983, yenyewe inazifanya seli zitengeneze TGF-beta zaidi. Inazuia barua ya vita huku inasaini mkataba wa lipu. Takrolimasi nayo haiko safi kwenye kesi hii.

Kaka nilimjibu siku ya pili. Nilimwambia, hujaikataa. Mnaishi nyumba moja, mnanuniana.

---

Kibwebwe_cha_Pwani

Nimeweka mkeka hapa. Watu wanakata figo zao wenyewe na bado wana muda wa kuandika.

---

Mama Zuhura

Kaka mleta uzi, Mungu akulinde kwa moyo wa kutoa. Mume wangu ana miaka mitano na figo aliyopewa na dada yake. Kreatinini ilikuwa inacheza 110 mpaka 115. Mwezi wa nne 128, wa sita 149, juzi 171. Hana maumivu, mkojo anapata, anakwenda kazini. Daktari anataka biopsi, mume wangu hataki. Anasema yeye mzima, na hataki kutobolewa figo ya dada wa watu. Mimi ndiye ninayelala macho. Je, kama ni haya makovu, biopsi itasaidia nini? Makovu si yameshakaa?

---

Mkata_Mikroni3

Dada, swali zuri kuliko uzi wangu.

Kreatinini haina lugha. Inapanda vilevile kwa makovu, kwa shambulio jipya, kwa takrolimasi kuzidi, kwa mkojo kuziba, kwa maji kupungua mwilini. Na makovu ndiyo huchelewa kuonekana kwake, maana mirija iliyobaki inabeba kazi ya wenzake kimya kimya. Kwa hiyo 171 haisemi kama kinachoendelea kinarudi nyuma au hakirudi. Ule uzi wa nyama ndio unaosema.

Shambulio la seli T tunaliona hivi: seli ndogo nyeusi nyeusi zimepenya ukuta wa mrija na kukaa katikati ya seli zake, kama panya ndani ya gunia la mpunga. Likiwa la namna hiyo mara nyingi linazimika kwa dawa, na likizimwa mapema mafundi hawaitwi wengi. Ukisubiri kreatinini ifike 300 ndiyo mkachukue biopsi, mtakuta bluu tupu, na bluu hakuna dawa ya kuifuta.

Kuhusu kutobolewa: figo ya kupandikizwa haikai mgongoni, imewekwa chini ya tumbo karibu na nyonga, juu juu. Wanaiona kwa ultrasaundi, ganzi, mlio kama wa stepla, basi. Anaweza kukojoa damu kidogo siku moja au mbili. Kutoka damu nyingi hutokea, ila ni kwa nadra, ndiyo maana wanamlaza kitandani kwa saa kadhaa wakimwangalia presha.

---

Dkt_Mbishi

Mkata, umeandika vizuri, lakini umempa TGF-beta kesi ya mauaji peke yake wakati kwenye chumba walikuwemo wengi.

Mosi, msiite kila kovu kukataliwa. Mwaka 1991 wataalamu walikutana Banff, mji wa milimani Kanada, wakaanza kukubaliana namna ya kusoma biopsi hizi. Kwa miaka walikuwa na jina moja la kapu lililobeba kila figo inayokufa polepole. Walipokutana mwaka 2005 wakalitupa jina hilo, kwa sababu lilikuwa linawafanya madaktari waache kutafuta chanzo. Kovu ni majivu. Kazi ya daktari ni kuuliza nani aliwasha moto.

Pili, kwa mgonjwa wa mwaka wa tano na kuendelea, mwasha moto mkubwa ni kingamwili dhidi ya HLA ya mtoaji. Zinapiga kuta za ndani za mishipa midogo. Mama Zuhura, muulize daktari wa shemeji kama kipimo cha kingamwili hizo kinapatikana, sampuli nyingine husafirishwa nje.

Tatu, makovu ya takrolimasi na saiklosporini mara nyingi yana sura yake, yanapita kwa mistari kama punda milia, na mishipa midogo ina vishanga vya glasi ukutani. Uliyaona kwenye slaidi yako?

---

Mkata_Mikroni3

Daktari, kweli tupu, nimekubali kwenye majivu. Mistari niliiona sehemu moja, bosi akasema haitoshi kusema neno. Vishanga havikuwepo.

Ila nikushike kidogo hapo kwenye moto. Kuna wagonjwa moto umezimwa, kingamwili hazipo, seli T zimetulia, na bado bluu inaongezeka mwaka hadi mwaka. Mafundi wakishageuzwa wanajitumia barua wenyewe. Kovu gumu nalo linavuta seli za jirani, na mvuto huo huo unakata pingu za TGF-beta nyingine. Ndiyo maana nasema tusiwasahau wajumbe kwa kumtafuta mwasha moto tu.

---

Dkt_Mbishi

Hapo nakupa pointi nusu.

---

Achieng_wa_Maabara

Niko Nairobi, nasomea sayansi ya maabara. Nimefuata uzi wote nikiwa kwa matatu, karibu nipitishwe stage yangu. Naomba kuuliza: kama TGF-beta ndiyo huleta makovu, si waifunge tu mara moja? Dawa za kufunga protini moja siku hizi ziko.

---

Dkt_Mbishi

Achieng, wazo lako lina umri. Mwaka 1990 wanasayansi waliwapa panya wenye ugonjwa wa vichujio antisera, yaani maji ya damu yenye kingamwili, ya kufunga TGF-beta, na makovu yakapungua. Watu wakashangilia. Mwaka 1992 na 1993 makundi mawili yakatengeneza panya wasio na jeni ya TGF-beta1 kabisa. Walizaliwa, wakaanza kukua, na wengi walikufa karibu wiki ya tatu. Hawakufa kwa kukosa makovu. Moyo, mapafu, ini, kila mahali pamevamiwa na kinga yao wenyewe.

Maana TGF-beta ndiyo hiyo hiyo inayozituliza seli T. Inazilea zile seli za kinga zenye kazi ya kuwazuia wenzao. Kwa hiyo kwenye figo ya kupandikizwa huyu unayemwita adui amesimama mlangoni akizuia ugomvi, mkononi ameshika mwiko wa lipu. Mfukuze uone.

---

Achieng_wa_Maabara

Wueh. Kwa hivyo ni kama kumfukuza landlord mkali, halafu wezi wanaingia.

---

Mkata_Mikroni3

Umeelewa kuliko mimi nilivyoelewa wiki ya kwanza.

Wamejaribu kuingilia kwa mlango wa nyuma. Zile dawa za presha za kundi la losatani hupunguza TGF-beta, kwa sababu homoni ya angiotensini ni mojawapo ya wanaoiamsha. Lilikuwa wazo tamu. Marekani wakachukua watu 153 wenye figo za kupandikizwa, nusu losatani, nusu kidonge kitupu, wakawafuata miaka 5. Matokeo yaliyochapishwa 2013 hayakuonyesha tofauti ya uhakika kwenye kile walichokuwa wanakitafuta, yaani makovu kuongezeka au figo kufa kwa sababu hiyo. Kaka anaitumia losatani kwa ajili ya presha na protini kwenye mkojo, na hiyo inatosha kuwa sababu. Lakini asidanganywe kwamba inafuta bluu.

Wapo na vichocheo vya upande wa pili, vinavyopingana na TGF-beta. HGF kwa mfano, kwa wanyama inazuia makovu vizuri sana. Dawa iliyoiga kazi yake ikapelekwa kwa watu waliopandikizwa figo inayochelewa kuamka, na mwaka 2021 ikatangazwa kuwa haikufikia lengo. Panya wamepona mara nyingi kuliko sisi, hilo nimelizoea.

---

Kijana_wa_Mwaka_Jana

Msinichoke wakuu. Mimi ni mpokeaji, figo ya mama. Nataka niongeze jambo ambalo halipo kwenye slaidi.

Miezi kumi na nne baada ya upasuaji nilianza kukohoa. Nikapimwa kituo kimoja karibu na kwetu, kifua kikuu. Wakanipa zile dawa za kila mgonjwa, zina rifampisini ndani. Nilisema nina figo ya kupandikizwa, mhudumu akaandika kwenye kadi, akaniambia endelea na dawa zako zote. Nikaendelea. Hakuna aliyeniambia kwamba rifampisini inalifanya ini lichome takrolimasi kama karatasi. Wiki ya tatu mkojo ukapungua. Kiwango cha takrolimasi kilikuwa chini ya 2, kreatinini kutoka 102 hadi 264.

Biopsi ikaonyesha hao panya ndani ya gunia. Nikachomwa methilipredinisoloni, dawa kali ya kutuliza kinga, siku tatu, wakapandisha takrolimasi karibu mara tatu ili ishindane na rifampisini, na TB nikaimaliza. Kreatinini ilirudi mpaka 131, ikagoma hapo. Zile 29 zilizobaki juu nahisi ndiyo hiyo bluu yenu.

---

Mkata_Mikroni3

Mdogo wangu, pole sana. Umeieleza barua ya IL-2 kuliko nilivyoieleza mimi. Mlinzi kaondoka wiki tatu, barua zikaandikwa.

Na upande wa pili upo. Dawa za fangasi kama flukonazo na baadhi ya antibayotiki kama klarithromaisini zinafanya kinyume, takrolimasi inapanda mpaka mikono inatetemeka na figo inaumia. Hata kuharisha siku tatu kunaweza kuipandisha. Ndugu zangu wenye figo za watu, mkiandikiwa dawa yoyote mpya, pigeni simu kliniki ya figo kabla ya kumeza.

---

Babu_Ngamiani

Vijana, nimesoma kwa miwani miwili. Mimi nina swali la mtaani. Hizi dawa za mitishamba za kusafisha figo zinazouzwa kwenye chupa za maji, haziwezi kulainisha hayo makovu? Na mjukuu wangu aliyepandikizwa anapenda sana balungi, bibi yake anamletea kila Ijumaa.

---

Dkt_Mbishi

Shikamoo babu. Balungi acha leo. Lina kitu kinachozuia utumbo na ini kuivunja takrolimasi, dawa inazidi kwenye damu. Bibi alete papai, mradi potasiamu ya mjukuu iko sawa, mwulizeni daktari wake.

Hizo chupa, babu, sijui zina nini na anayeuza naye hajui. Mtu mwenye figo mbili za kuzaliwa anaweza kubahatisha. Mjukuu ana moja, na ya kuazima. Na zile dawa za maumivu, diklofenaki na ndugu zake, asiguse.

---

Babu_Ngamiani

Marahaba. Nimemwambia bibi yake, kanuna. Anasema balungi lilikuwepo kabla ya madaktari.

---

Achieng_wa_Maabara

Nina ingine. Huwezi kupima hivi vichocheo kwa mkojo, badala ya kudunga mtu sindano?

---

Mkata_Mikroni3

Wanapima, ila bado ni kazi ya watafiti zaidi kuliko ya kliniki yetu. CTGF kwenye mkojo huwa juu kwa wale ambao makovu yanaendelea kuota. Ninayempenda mimi ni EGF. Huyu anatengenezwa na mirija ya figo yenyewe na kumwagwa kwenye mkojo, kwa hiyo akipungua ina maana mirija inayomtengeneza inakufa. Wenzake wakipanda ndiyo hatari, yeye akishuka ndiyo hatari. Historia yake nayo inachekesha: kwenye mkojo wa binadamu watu walikuwa wanatafuta kitu kinachopunguza asidi tumboni, wakakipata, wakakipa jina lake, halafu mwaka 1975 ikaonekana ni EGF yule yule ambaye Stanley Cohen alishamtoa kwenye tezi za mate za panya. Cohen na Rita Levi-Montalcini walipewa Nobel mwaka 1986 kwa kazi ya vichocheo vya ukuaji.

Tumekuwa tukimwaga chooni.

---

Kibwebwe_cha_Pwani

Nina swali la kizembe. Hilo kovu ni la nani? Figo ni yako, mwili ni wa kaka. Lipu ya nyumba kapiga nani?

---

Mkata_Mikroni3

Kizembe wapi, hilo swali lilinikosesha usingizi.

Mwaka 2001 ilichapishwa kazi moja ya ujanja sana. Watafiti walichukua figo zilizotolewa na wanawake wakapandikizwa wanaume, zikakataliwa polepole. Kila seli ya figo ilitakiwa iwe ya kike. Wakatafuta kromosomu Y ndani ya makovu na ndani ya zile kuta za mishipa zilizonenepa. Wakaikuta. Sehemu ya mafundi walikuwa wametoka kwenye mwili wa mpokeaji, wamesafiri kwa damu, wamefika, wamevaa aproni.

Kwangu mimi na kaka huwezi kupima hivyo, wote wanaume. Lakini nikiangalia ile slaidi naamini kuna bluu yangu na bluu yake, zimeshikana.

---

Dkt_Mbishi

Na sirolimasi ulimtaja ukampita. Yule ametoka kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya Pasifiki, uliochukuliwa na msafara wa Wakanada mwaka 1964. Surendra Sehgal na wenzake huko Montreal wakamtoa kwenye bakteria, wakidhani ni dawa ya fangasi. Marekani wakaidhinisha kwa figo za kupandikizwa mwaka 1999. Kwa kuwa anazuia seli kuitikia vichocheo vya ukuaji kwa ujumla, tulitarajia atazuia barua na lipu kwa pamoja. Anafanya kidogo. Lakini vidonda vya upasuaji navyo vinagoma kufunga, na wengine wanamwaga protini kwenye mkojo, maana vichujio vyenyewe vinaishi kwa kichocheo kingine, VEGF, na anakibana. Kila mjumbe hapa ana kazi mbili.

---

Mama Zuhura

Wapendwa, nimerudi. Samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Nilimsomea mume wangu uzi huu kitandani, wote, pamoja na babu na balungi lake. Alicheka, akanyamaza, akasema twende. Alilazwa usiku mmoja, mkojo ulikuwa wa chai asubuhi, mchana ukawa sawa.

Majibu: hao panya wapo, kiasi. Makovu asilimia 10 hadi 15. Takrolimasi 3.1, iko chini. Daktari alipouliza kwa upole, mume wangu akakiri alikuwa anakunywa mara moja kwa siku badala ya mbili tangu Machi, ili chupa ifike mwisho wa mwezi, kwa sababu mtoto alikuwa anaingia kidato cha tano. Hakuniambia. Nilitoka nje ya chumba nikalia kwenye benchi, halafu nikarudi.

Sindano siku tatu. Jana kreatinini 139. Kingamwili sampuli imechukuliwa, tunasubiri.

Dada yake hajaambiwa.

---

Dkt_Mbishi

139 nimeipenda. Mama, dozi zote mbili, saa zile zile. Na siku ya kupima asimeze ya asubuhi mpaka damu itolewe, la sivyo namba inadanganya. Ustawi wa jamii hospitalini waulizeni kuhusu gharama kabla hajaanza tena hesabu zake za siri.

---

Kijana_wa_Mwaka_Jana

Shemeji mwambie asione aibu. Mimi nimewahi kuruka pia, ile wiki ya mitihani. Nadhani wengi tumewahi.

---

Mama Zuhura

Nitamwambia. Na wewe mleta uzi, kaka yako vipi?

---

Mkata_Mikroni3

Kreatinini 134, imesimama hapo mwezi wa pili. Wamempunguzia takrolimasi kidogo, losatani anaendelea nayo, biopsi nyingine labda mwakani. Nimeshamwambia bosi hiyo nayo nitaikata mimi.

Leo alfajiri kanitumia picha bila maneno: ndoo ya mkojo wa saa 24, ya kupeleka maabara, lita 2 na nusu. Nikamuuliza, hii ya nini? Akajibu, "Mali yako hiyo, uje uichukue."